Mkalimani na Kibuyu cha Mapatano

Kisa hiki mpelekee yeyote unayemjua anayekaa kati ya watu wawili wasioelewana. Atakushukuru, au atakununia, lakini mpelekee.

Tegemeo aliajiriwa kuwa mkalimani wa jeshi. Siku ya kwanza Meja Kihwelo alimweleza atarajie nini: jua kali, maharage yasiyoiva, kulala na buti miguuni, na kulaumiwa na pande zote mbili. "Na neno ulipeleke kama lilivyo," alisema.

"Ndiyo, Afande," Tegemeo akaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Mwezi wa tatu kikosi kilikwama ukingoni mwa mto kikiwa na malori mawili ya majeruhi. Hospitali ilikuwa ng'ambo, na daraja lililindwa na wanakijiji waliokwisha kuchoshwa na askari. Meja akaketi na mkuu wao, Mzee Barandao, Tegemeo katikati.

"Mwambie atupe njia," alisema Meja, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Akikataa, tutapita kwa nguvu."

Tegemeo alizitazama mvi za yule mzee, akaona haya. Akatafsiri: "Mkuu wetu anakuomba njia kwa unyenyekevu."

Mzee akatabasamu. "Anayeomba hanyimwi. Piteni."

Tegemeo akatafsiri, Meja akashusha pumzi. Kisha kikaletwa kibuyu cha maziwa. Desturi ya pale, mapatano hunywewa, na aliyebeba maneno hunywa wa kwanza, kushuhudia kwamba hakuyageuza.

Tegemeo alikipokea kibuyu. Nyuma yake majeruhi walikuwa wakigumia. Akinywa, watafika hospitali. Akisema kweli, njia huenda ikafungwa, nao wafe kwa sababu ya ulimi wake. Tena nani angejua? Lakini kuapa uongo mbele ya watu waliomwamini kulimshinda. Akakiweka chini.

"Afande, nililainisha maneno yako," alisema. Akamgeukia mzee. "Baba, nimekudanganya. Mkuu wangu alisema ukikataa, atapita kwa nguvu."

Meja akauma meno. Mzee alikitazama kibuyu, nzi wakitua kwenye mdomo wake.

"Wakalimani wanne wamekwisha kukaa hapo ulipo," alisema hatimaye. "Wote walileta maneno matamu, wote walikunywa, na nyuma yao nyumba zetu zikachomwa. Uliponiletea asali nilijua ni yale yale, nami nikakujibu kwa asali."

Akainama karibu naye.

"Msipite darajani, mwanangu. Mbao za katikati tumezikata. Huko chini pana kivuko. Vijana wangu watawaonyesha."

Tegemeo aliyatafsiri hayo neno kwa neno. Meja aliyatazama malori yake, yaliyokuwa yameshawashwa tayari kwa safari, akapiga kelele yazimwe.

Funzo: Maneno matamu hujibiwa kwa maneno matamu; ukitaka mtu akuambie ukweli utakaokuokoa, anza wewe kumwambia ukweli unaokuaibisha.