Majembe Yaliyobaki Ukutani

Paukwa!
Pakawa!
Itikieni kwa nguvu, kisa hiki kina wafu wengi. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na chifu aliyelimiwa na watumwa. Majirani wakamwambia, "Wafungue." Akakataa. Vita vikawaka. Na waliokwenda kumpigania ni nani? Maskini wa kijiji kimoja, wasio na mtumwa hata wa kuwachotea maji! Wakaitwa kikosi, wakavimba vichwa. Mimi nikifika hapa huwa nakasirika.

Desturi yao ilikuwa hii: aendaye vitani hutundika jembe lake ukutani. Haliguswi mpaka arudi mwenyewe, au mwenzake aliyemwona akianguka aje kulishusha. Mzee Mwero akatundika lake. Ngala, mwanawe wa pekee, akatundika lake kando.

Wakaenda pekupeku, chapa, chapa, chapa. Wakala mizizi. Wakapigana. Siku ya mwisho wakauawa mtoni, chifu akashindwa, na watumwa wakafunguliwa. Akarudi Mzee Mwero peke yake.

Wanawake wakamzunguka. "Wetu wako wapi?"

"Wanakuja," akasema. Moyo ulimshinda.

Mvua ikanyesha, pwa! pwa! pwa! Majembe yako ukutani. Hakuna aliyelima. Watoto wakalala njaa, mama zao wakingoja wanaume. Mzee Mwero akaona aibu.

Asubuhi moja akatoka. Nyumba ya kwanza akashusha jembe, ndi! Kilio. Nyumba ya pili akashusha, ndi! Kilio. Nyumba hata nyumba, kijiji kizima kikawa kilio kimoja.

"Tulizifia kamba za chifu za kufungia watumwa," akawaambia. "Niliwadanganya. Nisameheni, mlime."

Akarudi kwake. Mkewe alikuwa ameketi chini ya jembe la mwanawe.

"Baba Ngala, umeshusha ya watu wote. Hili je?"

"Hili limenishinda."

"Ulimwona?"

"Nilimfumba macho kwa mkono huu."

Mama Ngala hakulia. Akasimama, akaushika mkono ule, wakalishusha pamoja. Ndi! Akatoka nalo mvuani, akalima. Alipofika katikati ya shamba ndipo machozi yalipomjia.

Miaka ikapita, chifu akapiga mbiu ya vita tena. Vijana wakamwendea Mzee Mwero.

"Mnakwenda kumfunga nani?" akawauliza.

Wakarudi shambani. Hakuna aliyetundika jembe.

Nanyi mkiitwa vitani, ulizeni swali la mzee yule kabla ya kuondoka, si baada ya kuzika. Hadithi yangu nimeitua hapo, na anayetaka kulia na alie.