Nguzo ya Goli la Kaskazini

Apakaye rangi upya huua shahidi. Neno hilo mmelisikia asubuhi kwa Mama Kijakazi, alipowanyang'anya brashi mkitaka kulipaka vanishi kabati la marehemu mumewe, nanyi mkacheka mkidhani bibi wa watu amezeeka vibaya. Hajazeeka vibaya. Kaeni chini, na wewe uliyeshika simu iweke kando, niwaeleze methali hii ilikotoka. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Kwadibuga, na waliokuwepo wengine bado wako hai.

Enzi mji huu ukila na kulala kwa mkonge, wakata mkonge walikuwa na timu yao ikiitwa Singa, na uwanja wao ulikuwa na magoli ya mbao za mvule. Kipa wao alikuwa Mhina Shekalaghe, mtu mrefu, mkimya, mwenye viganja kama sinia. Siku ya fainali na timu ya Bandarini, Singa ikiongoza kwa bao moja, Mhina aliruka kupangua mpira mwepesi kabisa, mkono mmoja ukagusa nguzo, mara akauachia mpira ukaingia. Baada ya muda kidogo likaingia la pili. Alitoka uwanjani mkono umefungwa shati, na kabla damu haijakauka mji mzima ulikuwa umeshahukumu: Mhina kauza mechi, na jeraha kajikata mwenyewe apate kisingizio.

Yeye alisema jambo moja tu, kwamba kwenye nguzo ya goli la kaskazini kulikuwa na msumari. Sasa sikilizeni vizuri. Singa, kama timu zote za siku zile, ilikuwa na kamati ya ufundi, na msidhani walikuwa watu wa kufundisha mpira. Kazi yao ilikuwa kwenda kwa waganga. Kwa alivyoeleza Mhina baadaye, wazee hao waliitoboa nguzo upande wa ndani, wakapigilia msumari uliozungushiwa uzi mwekundu, ili umponze kipa wa wageni. Mganga wao aliijua mizizi yote ya porini lakini mpira hakuujua, na wao kwa kiherehere chao wakasahau kumwambia kwamba kipindi cha pili timu hubadilishana magoli. Dawa ya mgeni ikamla mwenyeji.

Watu walipokwenda kutazama, nguzo ilikuwa imeshapakwa rangi nyeupe, na kichwa cha msumari kimekatwa. Hata mwenye shaka hakuthubutu kuikwangua, maana nani angechokonoa dawa ya watu? Mhina akaacha mpira, akahamia shambani kwa wajomba zake. Binti yake Mwanjaa akakua akiitwa mtoto wa muuza mechi, na posa yake ya kwanza ilivunjika kwa hilo. Lakini baba mtu alimwambia tangu utotoni: kipande cha msumari bado kimo ndani, na kila masika kutu yake huchuruzika juu ya rangi, usawa wa bega langu. Mwanjaa alikwenda mwenyewe akaiona ile kutu. Kutoka siku hiyo aliapa kwamba baba yake hatakufa na jina lile.

Miaka ikapita, wale wazee wa kamati ya ufundi wakamalizika mmoja mmoja, na uwanja wa zamani ukabomolewa ujengwe mpya. Watu wenye mapenzi na Singa walikimbilia kwenye kifusi wakaokoa walichoweza: mabenchi, ubao wa magoli, jezi zilizooza mikunjo, na zile nguzo. Ikaundwa kamati ya ukumbusho, vitu viwekwe kwenye chumba maalumu mlangoni mwa uwanja mpya. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mbelwa, mtu mwema, mchapakazi, ila mpenda mambo yang'ae. Mwanjaa, ambaye kwa wakati huo alikuwa fundi cherehani mwenye jina lake, alitiwa kwenye kamati kwa ajili ya jezi.

Siku ya kwanza tu wakagongana. Bwana Mbelwa alitaka jezi zifuliwe na kutiwa Jiki, mabenchi yapigwe randa, nguzo zipakwe rangi. Alisema mgeni rasmi atakuja kufungua uwanja, na hata babu akitolewa mbele ya wageni huogeshwa na kuvishwa kanzu safi. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Mwanjaa akasema babu huogeshwa, sawa, lakini hachunwi ngozi. Tope la kwenye jezi ndilo mechi yenyewe, akawaambia, na ukilifua utabaki na kitambaa ambacho hata yeye anaweza kushona kabla ya adhuhuri. Nguzo zitiwe dawa ya mchwa, basi, zisiguswe zaidi ya hapo. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana kwamba nguzo zisiguswe mpaka Mwanjaa amlete baba yake kutoka shamba, kwa sababu, alisema, mzee ana jambo lake na nguzo ya kaskazini.

Jambo gani, hakusema. Aliogopa. Watoto wa wale wazee wa ufundi walikuwa bado mjini, wengine wamekaa mle mle kwenye kamati, na alihofu akiutaja msumari mtu ataung'oa kabla mzee hajafika. Alitaka uchomolewe mbele ya mji mzima, uzi wake mwekundu juu yake. Basi akafunga mdomo, akapanda basi kumfuata baba yake.

Nyuma huku Bwana Mbelwa hakulala. Kipa mwenyewe wa Singa anakuja, akasema, tumpokee na nguzo chafu namna hii? Nanyi mnatujua sisi watu wa huku: mgeni wa heshima akitajwa tu, nyumba inapakwa chokaa, hata kama ukuta ulikuwa hauna kosa. Akamwita fundi Hoza, seremala. Hoza akaing'oa misumari yote ya ile nguzo ya kaskazini, akaziba matundu, akapiga msasa, akapaka rangi nyeupe mikono mitatu. Walifanya kwa upendo, na mimi sitawasingizia.

Mwanjaa alifika amemshika baba yake mkono, maana macho ya mzee yalikuwa yameingiwa na ukungu. Aliiona ile nguzo toka mlangoni, ikimetameta, akajua amechelewa. Watu wakapiga makofi. Mzee Mhina akapelekwa hadi kwenye nguzo, akaweka kile kiganja chenye kovu usawa wa bega, akapapasa juu, akapapasa chini, akarudia. Watu wakadhani anaaga ujana wake. Makofi yakakoma yenyewe.

"Ni laini," akasema.

"Tumekupambia, mzee wetu," akajibu Bwana Mbelwa kwa furaha.

Mwanjaa ndipo akasema mbele ya wote kile alichokificha: msumari, uzi mwekundu, kutu ya kila masika. Fundi Hoza akaanza kutokwa jasho. Mwanjaa akamgeukia, akamwomba kwa jina la Mungu akumbuke.

"Nilitoa misumari mingi, dada," Hoza akasema. "Mingine ilikuwa na nyuzi. Nikajua ni za nyavu."

"Nyekundu?"

"Zilikuwa na kutu zote. Siwezi kuapa."

"Iko wapi?"

Ilikuwa imekwenda na mnunuzi wa vyuma chakavu, na lori lake lilishaondoka mjini. Mwanjaa alilia pale pale bila kuona haya. Bwana Mbelwa naye alikuwa amevunjika. Akapiga magoti mbele ya mzee, akamshika miguu, akasema yeye anamwamini, na atasimama siku ya ufunguzi kutangaza kwamba Mhina hakuuza mechi.

"Inuka, mwanangu," mzee akamwambia. "Unaniamini kwa kunihurumia. Mimi nilitaka kuaminiwa kwa ule msumari. Mashahidi wangu walikuwa wawili, huu mkono na hiyo nguzo. Sasa nimebaki na mkono, na mkono ni wangu, nani ataupokea ushahidi wake? Apakaye rangi upya huua shahidi."

Aliomba arudishwe nyumbani.

Mwanjaa alimpeleka, kisha akarudi. Alisimama kwenye kamati akasema kilichokufa kimekufa, lakini hakuna brashi itakayoingia tena chumba kile yeye akiwa hai. Alitaka ubao wa magoli ubaki na chaki yake, mabenchi yabaki na majina yaliyochongwa kwa visu, jezi zibaki na tope. Safari hii hakuna aliyebisha. Bwana Mbelwa alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na mgeni rasmi alipokuja alivikuta vyote hivyo hivyo, na nguzo moja nyeupe katikati ambayo hakuna aliyependa kuieleza.

Mzee Mhina alifariki kabla ya vuli. Kwadibuga nzima ilikwenda kuzika. Pale makaburini, wakati udongo unarudishiwa, bwana mmoja nyuma akamnong'oneza mgeni aliyefuatana naye kwamba huyu ndiye yule kipa aliyeuza mechi ya Bandarini. Mwanjaa alisikia. Zamani angemshika mkono mtu huyo, ampeleke uwanjani, amwonyeshe kutu kwa kidole. Siku hiyo hakuwa na pa kumpeleka. Alimwendea hata hivyo, akasimama mbele yake.

"Shahidi wa baba yangu alikuwepo," akamwambia. "Nilimwona kwa macho yangu. Tulimuua sisi wenyewe, kwa brashi na kwa nia njema. Apakaye rangi upya huua shahidi."