Pilau la Mabingwa

Asubuhi ya fainali ya kufunga msimu, tajiri Makarani, mwenye timu ya Radi, alimwamuru Kidawa mpishi: "Nipikie pilau la ubingwa, bure. Ukikataa, hupiki tena mtaa huu."

"Ubingwa si bado, bwana?"

"Kwa vibonde wale? Tushachukua!"

"Basi mabingwa hawali kiporo. Wale mchana huu, mtaa mzima uwaone."

Kichwa kikamvimba tajiri. Wachezaji wake walikula, wakaongezwa, wakalamba vidole. Jioni walikimbia kama mabata, wakafungwa manne.

Tajiri alipokwenda kumfokea Kidawa, alimkuta golkipa wa vibonde jikoni, kombe mkononi.

"Mama, pilau limebaki?"

"Wapi, mwanangu! Mabingwa wamelimaliza. Lete hilo kombe nikutilie uji."