Kiboko Aliyeacha Sukari

Hadithi ipo?
Ipo, ilete.
Niilete na kitoweo au kavu?
Ilete hivyo hivyo.
Basi kaeni sawa. Anayesinzia asimwegemee mwenzake.

Hapo kale, katika mji wa wanyama kando ya mto, alikuwapo Sange. Mnamjua Sange: mwili kama wa panya, pua ndefu, miguu ya mbio. Alikuwa amejifungua mapacha, na mumewe alikuwa amekwenda kutafuta riziki, safari ile ya waume ambayo hairudishi hata salamu. Maziwa hayakushuka bila uji, na uji wa mzazi katika mji ule ulitiwa sukari. Mwanamke akijifungua, majirani walikwenda kumwona na sukari mkononi. Digidigi alileta. Nungu alileta, ingawa kwake nako watoto walikuwa wanalia. Sange akaimimina yote kwenye kopo, akafunika. Kama angeitumia kwa kujibana, ingemfikisha mpaka watoto waanze kutafuna wenyewe.

Kiboko naye hakukosa kumwona mzazi yeyote. Yeye alikuja mikono mitupu.

Akaja, dubwi dubwi dubwi. Akaketi, puu. Vyombo vikaruka.

"Hongera, mwanangu."

"Ahsante, mjomba. Karibu chai."

"Chai nitakunywa. Ila sukari nimeacha. Kobe mganga kanikataza, kasema niache sukari au niuage mguu." Akaunyosha mguu. Kidonda kilikuwa wazi tangu masika, nzi wamejaa. "Kwangu sukari haiingii kabisa."

"Basi nikupe chai bila sukari."

Kiboko akamtazama kama aliyetukanwa. "Mgeni anywe maji ya moto? Nimesema kwangu. Hapa ni kwako."

Sange akatia. Kiboko akakoroga, kwangu kwangu kwangu. Akanywa, fyooo. "Ongeza kidogo, mwanangu." Kwangu kwangu kwangu. Fyooo. "Kidogo tena."

Alipoondoka, kopo lilikuwa limeshuka hadi nusu. "Kesho nitakuja tena kuwaona wajukuu," akasema mlangoni, akijilamba.

Jioni Sange alijipimia sukari ya kulamba tu, akakoroga uji akanywa. Watoto wakavuta ziwa, wakaachia, wakalia. Kumfukuza Kiboko hakuwezekani. Mwaka uliotangulia Pimbi alimwambia hakuna chai, Kiboko akakaa juu ya nyumba ya Pimbi kupumzika.

Sange akawaza. Mwenye njaa huwa ametafuna kila jani la mji wake, na Sange alilijua jani moja la mmea unaotambaa vichakani karibu na mto. Ukilitafuna, ulimi unakufa ganzi, hausikii utamu tena. Ndizi mbivu inakuwa kama udongo. Asubuhi akachuma fungu zima.

Kiboko akaja, dubwi dubwi dubwi. Akaketi, puu.

"Mjomba," akasema Sange, "nimekupatia dawa. Ukitafuna jani hili kwanza, sukari utakayokunywa haitakudhuru. Kidonda kitafunga."

"Hata nikinywa nyingi?"

"Utakavyoweza, mjomba."

"Kobe hakuniambia."

"Kobe ana mguu mzima. Hajawahi kuitafuta dawa hii."

Kiboko akalitafuna, ngwacha ngwacha. Akakoroga chai, kwangu kwangu kwangu. Akanywa, fyooo. Akachungulia kikombe.

"Ongeza."

Sange akaongeza. Fyooo.

"Ongeza."

Sange akaongeza. Bati la kitako cha kopo lilianza kuonekana. Watoto wakalia ndani, wala hakuinuka, maana Kiboko alikuwa anamtazama usoni. Fyooo. Kisha Kiboko akatema, pwaa, ukuta mzima ukalowa.

"Umeuziwa mchanga, mwanangu."

"Kumbe. Sukari ya siku hizi, mjomba."

Kiboko akainuka, akabeba majani yaliyobaki, akaenda kwa Digidigi. Jani kwanza, ngwacha ngwacha. Chai, fyooo. Mate, pwaa. "Nanyi mmeuziwa mchanga." Akaenda kwa Nungu. Ngwacha ngwacha, fyooo, pwaa. "Mji huu umeoza." Akarudi mtoni kula majani, amenuna.

Kila alfajiri Sange alimpelekea jani, naye kila siku aliingia nyumba mojawapo kuangalia kama sukari imerudia hali yake. Haikurudia. Akaacha kuomba zaidi ya kikombe kimoja, kisha akaacha chai yenyewe. Kidonda kikakauka, kikafunga. Sange alikwangua sukari iliyobaki koponi, majirani wakamwongezea, uji ukapata ladha, na maziwa yakashuka. Watoto wakanenepa kidogo, wote wawili wakapona. Hilo ndilo alilolitaka.

Kiboko akaitisha mkutano.

"Mnaniona," akasema, akiukanyaga ule mguu chini, dubwi. "Nimeacha sukari. Hakunisaidia mtu. Niliamka siku moja nikasema basi, na ikawa basi. Ni nia tu."

Wanyama wakapiga makofi. Kobe akasimama akasema mgonjwa msikivu humpa mganga heshima. Makofi tena. Wakamchagua Kiboko awe mshauri wa mji katika mambo ya vyakula vitamu.

Digidigi, aliyeijua siri ya jani, akamnong'oneza Sange, "Shoga, sema basi."

"Nikisema hatatafuna tena. Asipotafuna, kesho yuko kwako na kikombe."

Digidigi akapiga makofi.

Baada ya mkutano Kiboko akapita kwa Sange. Sange alikuwa anakoroga uji, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani.

"Bado unatia sukari?" akauliza Kiboko.

"Kidogo, mjomba. Nanyonyesha."

"Visingizio. Nyinyi kina mama hamna nia." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Na jani la leo liko wapi? Umechelewa."

Sange akaushusha uji kabla haujaiva, akaenda vichakani kulichuma.

Mafunzo ya hadithi hii, watoto, ni kwamba kuacha sukari ni jambo la nia. Mwenye nia kama ya Kiboko ataacha, na atashangiliwa. Asiyeweza ni mvivu, na mara nyingi mtamkuta jikoni.

Nimeipokea ikiwa hivi, nimeiweka hapo. Anayeitaka aichukue, na anayepita aondoke na kikombe chake akakioshe.