Febronia na Watu Asiotaka Kuwaombea

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na mjane mcha Mungu, jina lake Febronia, katika mji mmoja ulio kando ya jangwa. Alikuwa mwepesi wa kufunga, mkarimu kwa maskini, wala hakuwa na tabia ya kusengenya. Ila alikuwa na jambo moja. Kanisa la mji ule lilikuwa na desturi ya kuyaombea mataifa kila Jumapili, moja baada ya jingine kwa jina, waumini wakiitikia, "Bwana, uwarehemu." Ikifika zamu ya Wazamari, watu wa milimani, Febronia alifumba kinywa. Hao ndio waliomuua baba yake, wakamchukua yeye mateka angali binti mdogo, akawa mtumwa kwao mpaka alipopata upenyo akatoroka. Alihamia mji ule asikojulikana, na habari hizo hakumwambia mtu.

Ikatokea siku moja wafugaji wa Kizamari wakashuka sokoni kuuza kondoo. Waliposikia watu wakiimba, walisimama mlangoni mwa kanisa, wakauliza kwa ishara ni nani anayesifiwa hivyo. Hakuna aliyeweza kuwajibu, wakarudi sokoni. Padri Barsaba, mlezi wa kanisa lile, alisikitika mno. Akatangaza mfungo, na ulipokwisha akawauliza waumini kama yupo anayekijua Kizamari.

Watu wakatazamana. Febronia akainamisha uso. Lugha ile alikuwa akiiota usingizini.

Barsaba hakumshurutisha mtu. Aliwakumbusha tu habari za Nabii Yona, jinsi alivyotumwa Ninawi akakimbia, kwa kuchelea adui zake wasije wakasamehewa. Na mwisho wa yote Mola akamuuliza kama haikumpasa kuuhurumia mji ule, wenye watu wengi wasioujua hata mkono wa kulia na wa kushoto.

Hapo moyo wa Febronia ulishtuka. Utumwani alikuwa yaya wa Hadru, mtoto wa bwana wake, na yeye ndiye aliyemfundisha kula kwa mkono wa kulia. Mtoto akipeleka wa kushoto kwenye sahani, Febronia aliushika taratibu na kumbadilishia, nao wakacheka wote wawili. Alimpenda sana mtoto yule. Miaka yote hiyo alikuwa ameyazika mapenzi hayo chini ya chuki, na sasa yalimtoka kwa machozi mbele za watu.

Akasimama, akasema, "Baba, lugha yao ninayo. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka Mungu awasamehe."

Barsaba akamtazama kwa upole. "Na sasa, mama?"

"Bado naona uzito. Lakini nitakwenda."

Wakamwekea mikono, wakamwombea, naye akapanda milimani pamoja na wale wafugaji, waliokuwa wangali sokoni. Alimkuta Hadru amekuwa mtu mzima mwenye ndevu, bwana wa nyumba ile ile. Hadru alimtambua mara moja, uso ukamsawijika, maana alidhani Febronia amekuja kudai damu ya baba yake aliyeuawa. Akamuuliza ni lipi lililomrudisha kwa watu waliomtesa.

Febronia hakutaka kujipamba. "Mwanangu, mimi sikutaka kuja. Mungu wangu ndiye aliyekutaka wewe, akanituma."

Hadru akamwongoza ndani. Kisha akatandika mkeka kwa mikono yake mwenyewe. "Keti, mama," akasema. "Nieleze habari zake."

Ndugu wapendwa, agizo la kwenda ulimwenguni kote tunalijua kwa moyo, na tukilisoma tunapaza sauti. Tunapenda kusema mataifa yote, kwa kuwa huko mbali hatumjui mtu na hakuna aliyetukosea. Kumbe katika hayo mataifa yote yumo na yule aliyetutoa machozi. Mwenyezi Mungu atujalie kumpelekea hata huyo habari njema, na tukiwa hatutaki, atupe ujasiri wa kumwambia ukweli huo Yeye kwanza.