Gunia Lililoshonwa kwa Ndani

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na nyumba zao, masufuria yao na majirani wa kuwasumbua, palikuwa na familia ya nguchiro. Mnamjua nguchiro? Yule mdogo, mwembamba, mwenye macho ya kuona kila kitu. Haya, nyamazeni basi. Anayetaka maji akanywe sasa, maana mimi nikianza sisimami.

Baba wa nyumba aliitwa Mkadamu. Mama aliitwa Siwatu. Nyumbani walikuwa na watoto wawili, Kibwana na kitindamimba Kidawa. Binti yao mkubwa, Mwanakombo, alikuwa ameolewa ng'ambo, kwenye nchi ya nyati, kule nyuma ya mlima.

Sasa Mwanakombo alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Na kwa mila ya nguchiro, nywele za kwanza za mtoto hanyoi mwingine isipokuwa bibi mzaa mama. Bibi asipofika, mtoto anabaki na manyoya aliyotoka nayo tumboni, mpaka watu wanaanza kumcheka.

"Mjukuu wangu hachekwi na mtu," alisema Siwatu. "Tunakwenda. Wote!"

Akaanza kufunga mizigo. Na Siwatu kwa kufunga mizigo, usimwambie kitu! Kila mmoja nguo ya kuvaa na ya kubadili, basi. Wembe wa kunyolea akauviringisha kitambaani, akauzika katikati ya nguo usije ukamkata mtu. Dawa ya tumbo akaiweka juu kabisa, isije ikatafutwa wakati mtu keshajikunja kwa maumivu. Vibali vya kuvukia mpaka akavigawa, vingine kwake na vingine kwa mumewe, ili mmoja akipoteza, safari isipotee.

Kibwana akaja amekumbatia rundo la mawe.

"Mama, na haya?"

"Kwani huko ng'ambo hakuna mawe?"

"Yapo, lakini haya nayajua."

"Chukua moja," akasema Siwatu. "Na usinitazame hivyo. Moja!"

Kisha akamwita Kidawa, akamkalisha kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

"Ukipotea njiani, unafanya nini?"

"Nalia."

"Kabla ya kulia?"

"Nasimama palepale. Nasema mimi ni Kidawa, mtoto wa Siwatu na Mkadamu, tunakwenda kwa dada Mwanakombo."

"Na mtu akikwambia mama anakuita kule?"

"Namwambia amlete mama hapa."

"Hapo sasa! Huyo ndiye mwanangu."

Mama alikuwa ndani anafundisha watoto kujihadhari. Na baba je? Baba yuko barazani, kifua mbele, anamtangazia kila apitaye.

"Tunasafiri bwana! Ng'ambo! Si mnajua, sisi tuna watu huko."

Ah, Mkadamu! Mtu akishamwambia dunia nzima kwamba anasafiri, kinachofuata mnakijua. Mizigo ya watu! Kobe akaleta mihogo ya kumpelekea mjomba wake. Nungunungu akaleta mto wa kulalia alioushona mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na miiba yake. Siwatu akawaambia wote neno lilelile: "Fungua nione. Nikishaona, nafunga mwenyewe." Waliofungua, akawachukulia kidogo. Waliokataa, wakarudi na vitu vyao wakinung'unika kwamba siku hizi Siwatu anaringa.

"Niringe nisiringe," akasema, "mgongo utakaobeba ni wa Punda, lakini shingo ni yangu."

Mchana ule Siwatu akaenda kisimani kuteka maji ya safari. Ndipo Chui akaja. Alikuwa amebeba gunia kubwa mabegani, anatweta.

"Jirani Mkadamu! Eti mnasafiri?"

"Aah, kidogo tu," akajibu Mkadamu, akirudi nyuma hatua moja.

"Nina shangazi yangu ng'ambo. Mzee, baridi inamuua. Nimemtafutia shali chache." Chui akajifuta jicho, na jicho lenyewe lilikuwa kavu. "Utaninyima hata hili, jirani?"

Mkadamu angesema nini? Kumkatalia mzee ni aibu, na kumkatalia Chui ni hatari. Akalipokea, akalificha uani kabla mkewe hajarudi.

"Ahsante sana, ndugu yangu. Na mchana mtapumzika wapi? Wasije watoto wakachoka."

Mkadamu akamwambia. Chui akauliza tena, naye akamwambia tena. Chui akaondoka anacheka kimoyomoyo.

Sogeeni niwaambie siri ambayo Mkadamu hakuijua. Mle guniani hamkuwa na shali. Hamkuwa na hata uzi wa shali! Mlikuwa na Fisi, amejikunja, magoti yako masikioni. Walikuwa wamepanga hivi: familia ikilala usingizi wa mchana, Fisi acheke mara moja, Chui aruke kutoka kwenye mwamba ulio karibu, kisha wale pamoja. Walikuwa wamekwisha kugawana. Baba na Kibwana wa Chui, mama wa Fisi. Kidawa, kwa kuwa ni mlaini, wangempigania baadaye.

Asubuhi Punda, mchukuzi wao, akapakiwa. Vifurushi vya Siwatu vikapanda mgongoni, Punda hakusema kitu. Likapandishwa gunia, magoti yakamlegea.

"Hizi shali zimefumwa kwa vyuma?"

Siwatu akageuka. "Gunia la nani hili?"

Mkadamu akatazama juu, kama aliyeona mvua.

"Baba Kidawa, nakuuliza. La nani?"

"La jirani."

"Jirani yupi?"

"Yule mwenye madoadoa."

"Kanga?"

"Mkubwa kidogo kuliko kanga."

Siwatu akashika kiuno. Alitaka kupiga kelele, nadhani hata mimi ningepiga. Lakini kwanza akalitazama gunia, akalizunguka, akapitisha kidole kwenye mshono. Akasimama. Akamvuta mumewe mpaka nyuma ya jiko, akamnong'oneza.

"Mtu akishona gunia, fundo la mwisho analipiga nje. Si ndiyo?"

"Ndiyo, kwani yuko nje."

"Fundo la gunia hili liko ndani."

Mkadamu akafikiri. Akafikiri tena. Manyoya ya mkia yakamsimama.

"Uwii! Tulitupe mtoni!"

"Shh! Tukilitupa, Chui atajua tumejua. Yuko mbele anatungoja, na njia ya mlimani ni hiyohiyo moja. Ulimwambia tutapumzika wapi?"

"Kwenye mkwaju."

"Wakati gani?"

"Jua likiwa utosini."

"Usiniambie ulimweleza na nani analala upande gani."

Mkadamu akajitia kukuna mkia.

"Mkadamu!"

"Aliuliza kwa upole, mke wangu."

Kidawa naye akaja mbio. "Mama, gunia linapumua."

"Najua, mwanangu. Usimwambie mtu, hasa gunia lenyewe."

Siwatu alikuwa anaogopa, nisiwadanganye. Angerudi ndani akafunga mlango, lakini Chui anajua mlango wake uliko, na mjukuu yuko ng'ambo anangoja. Basi akatoka uani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka guniani.

"Haya jamani! Shali za shangazi yake Bwana Chui lazima zifike salama! Leteni sindano kubwa! Leteni kamba ya katani!"

Akashona juu ya mshono, akapiga fundo nje. Akafunga kamba huku, akafunga kamba huku, Mkadamu anakaza kwa mguu. Gunia likaguna, "Hng!"

"Na sasa pilipili ya kufukuza nondo wasile shali!"

Akanyunyiza. Gunia likatulia kidogo, likatikisika, likavimba.

"Chyaaa!"

"Lo!" akasema Siwatu. "Shali zina mafua. Maskini, zimeugua kabla hata ya shangazi."

Kibwana akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nyinyi chekeni tu, yeye hakuruhusiwa.

Wakashika njia. Punda akawa analalamika kwamba alikubali kubeba mizigo ya nguchiro, si ya mtaa mzima, na kila akijikwaa gunia lilisema "Aih!" na wote wakajifanya hawakusikia.

Jua la utosi likawakuta kwenye mkwaju. Juu kidogo ya njia ulikuwepo mwamba mkubwa, na Chui alikuwa nyuma ya mwamba, amelala kifudifudi asionekane, masikio wima anangoja kicheko. Siwatu akatandika jamvi. Gunia akalilaza katikati, akalifunika blanketi la familia, akalizungushia kofia za watoto.

"Watoto, laleni! Baba Kidawa, lala! Ah, usingizi huu leo!"

Wakaanza kukoroma. Khoroo! Khoroo! Mkadamu alikoroma vizuri. Punda alikoroma vizuri zaidi, mpaka majani ya mkwaju yakadondoka. Huku wanakoroma, wakainuka mmoja mmoja, nyatu, nyatu, wakapita vichakani upande wa pili, mpaka kwenye mawe ya juu. Siwatu akaondoka wa mwisho, amemshika Kidawa mkono, anakoroma kwa niaba ya wote.

Mara Kidawa akasimama.

"Kofia ya..."

Siwatu akamziba mdomo. Akamshika kifuani kwa nguvu, moyo unamdunda du! du! du! Nyuma ya mwamba mkia wa Chui ukatikisika. Ukatulia. Hakugeuka.

Kule chini Fisi alikuwa amesikia mikoromo. Mate yakamtoka. Akavuta fundo lake la ndani, likafunguka. Akasukuma. Gunia halikufunguka! Akasukuma kwa kichwa, akasukuma kwa miguu. Wapi! Lakini njaa ilikuwa imemzidi akili. Akajisemea atatoka mbele ya safari, kwanza Chui aanze kazi. Akacheka.

"Hii-hii-hiiii!"

Chui akaruka. Puu! Akatua juu ya blanketi, akauma alichokiona kimenona kuliko vyote.

"Uwiiii! Paja langu!"

"Mmh! Nguchiro huyu amenenepa!"

"Niache! Ni mimi Fisi!"

"Mwongo! Fisi yuko kwenye gunia!"

"Ndiyo! Mimi ndiye niliye kwenye gunia!"

"Ungekuwa Fisi ungetoka!"

"Limeshonwa!"

"Ulilishona mwenyewe!"

"Limeshonwa tena! Chyaaa!"

Chafya ya pilipili ikamwingia Chui machoni. Akapofuka, akazidi kuuma. Fisi naye akampata pua kupitia tundu la gunia, akaing'ang'ania. Wakabingirika, blanketi, gunia, kofia na wao, biringi, biringi, biringi, mpaka bondeni kwenye miiba, kila mmoja anamwita mwenzake mwizi.

Juu kwenye mawe Mkadamu alikuwa amekaa chini. Akamchukua Kidawa, akampakata, machozi yanamtoka.

"Mke wangu, ningewaua wanangu kwa haya. Kwa kuona haya tu."

"Umeona," akasema Siwatu. Akamfuta uso kwa upindo wa kanga yake. "Haya, inuka. Tuna mtoto wa kumnyoa."

Wakafika mpakani. Mlinzi alikuwa Nyati, pembe pana, sura haijui mzaha.

"Vibali!"

Vikatoka viwili kwa mama na viwili kwa baba.

"Mizigo hii mmeifunga wenyewe?"

"Kwa mikono yangu," akasema Siwatu.

"Kuna mzigo wowote mliopewa na mtu?"

Siwatu akamtazama mumewe. Kibwana akamtazama baba yake. Punda naye akamtazama.

Mkadamu akakohoa. "Ulikuwepo mmoja, afande."

"Uko wapi?"

"Mwenyewe ameufuata njiani."

Kutoka mbali, chini bondeni, ikasikika, "Chyaaa!"

"Nini hicho?" akauliza Nyati.

"Shali," akajibu Kidawa.

Jioni ile bibi akamnyoa mjukuu wake, wembe mkali, bila hata mkwaruzo. Mwanakombo akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kibwana akampa mtoto lile jiwe lake moja. Na alipokuja jirani wa ng'ambo na kikapu, akiomba kipelekwe kwa dada yake watakaporudi, si Siwatu aliyejibu.

"Fungua, mama, nione," akasema Mkadamu.

Basi, wanangu: mkisafiri, mzigo msiouona ukifungwa msiubebe, hata anayewaomba awe analia.