Askari Mmoja Zaidi

Isome hii mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzako.

Bwana Lushinge alikuwa bingwa wa sataranji kwa miaka kumi na mmoja katika klabu moja ya mji wa reli. Klabu ilikuwa na meza mbili tu na foleni ndefu, hivyo walijiwekea desturi. Kila upande ukibaki na mfalme na ngome, mwenye askari mmoja wa ziada, ile kete ndogo kabisa, anapewa mkono, ameshinda, ili wengine wakae wacheze.

Mwaka huo klabu ikatafuta kocha. Lushinge aliitaka nafasi hiyo mno, hata nyumbani alishaanza kuitikia akiitwa kocha. Fainali ikamkutanisha na Mwalimu Ndimila, mama mstaafu aliyehamia mjini juzijuzi. Atakayeshinda ndiye kocha.

Mchezo ukafika pale pale pa siku zote: ngome kwa ngome, na Lushinge ana askari mmoja zaidi. Akanyoosha mkono.

"Wa nini?" akauliza Mwalimu Ndimila.

"Nimeshinda, mama."

"Bado, baba. Tucheze."

Watu wakaangua kicheko. Lushinge naye akacheka, akamsogeza askari wake mbele. Hapo ngome ya yule mama ikakimbilia mwisho wa ubao, ikaanza kumshambulia mfalme wa Lushinge kwa nyuma. Akimpeleka kushoto, shah, yaani mfalme anatishiwa tena. Kulia, shah. Akimrudisha, askari anabaki yatima. Alikuwa na kete nyingi kuliko mwenzake, sasa kinachomshinda ni nini? Baada ya hatua hamsini bila askari kusogea wala kete kuliwa, mwamuzi akatangaza sare.

"Haiwezekani!" Lushinge akafoka. "Basi upande wako ndio rahisi. Tupange upya kama pale niliponyoosha mkono, unipe upande wako. Atakayeshinda achukue ukocha."

"Karibu," akasema mama, akageuza ubao.

Lushinge, kwa woga, akairudisha ngome yake haraka karibu na mfalme ili imlinde. Mwalimu Ndimila akamsogeza askari taratibu. Baada ya hatua tisa tu, mfalme wa Lushinge akapigwa shah, hana pa kwenda.

Upande ule Lushinge alishindwa kushinda. Upande huu ameshindwa kujilinda. Kichwa kilimzunguka kabisa.

"Mwalimu, nieleze basi. Upande mzuri ni upi?"

"Kwanza nijibu wewe. Katika miaka yako kumi na mmoja, mchezo wa namna hii umeumaliza mara ngapi?"

Lushinge akafikiri. Alikumbuka mikono mingi aliyopewa, na makofi. Mchezo alioucheza mpaka mwisho hakuukumbuka hata mmoja.

"Sijawahi," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya Mwalimu Ndimila kama mwanafunzi wake.

Funzo: Usijiite fundi wa jambo ambalo watu wamekuwa wakikupongeza kabla hujalimaliza, kwani ugumu wake huenda uko pale pale unapozoea kuishia.